Swala Ndiyo Kigingi: Kujenga Desturi ya Ibada na Mazoezi Kila Siku

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, kina mama, ndugu zetu na vijana mliobaki baada ya Alasiri, ahsanteni. Wapo wanaowahi sokoni na wapo wanaowahi mpira, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa shughuli hiyo. Hapa Zanzibar tuna tarehe 1 Januari, vikundi vya mazoezi vinapojaa barabarani. Ni mambo mema na yameamsha wengi. Lakini mwili hauweki akiba ya mazoezi. Ukitembea leo, misuli hunywa sukari iliyomo kwenye damu kwa wepesi zaidi kwa siku moja, mbili, pengine tatu, kisha hali inarudi ilikokuwa. Anayetembea mara moja kwa mwezi kila mara anaanza upya. Na roho nayo ni hivyo hivyo: msahafu unaofungwa usiku wa kuamkia Idi na kufunguliwa Ramadhani ijayo haumjengei mtu mazoea.

Mtume, rehema na amani zimfikie, aliulizwa ni amali gani inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu. Akajibu kuwa ni ile inayodumu, hata ikiwa chache. Hadithi hii ameipokea Bi Aisha, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Tumeisikia mara nyingi mimbarini. Leo tunataka kuiuliza swali la fundi: kitu hudumu kwa njia gani?

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti juu ya swali hilo. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo, la kula, kunywa au kufanya mazoezi, akalifunga na tukio ambalo tayari lilikuwepo katika siku yake, kwa mfano baada ya chai ya asubuhi. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likawa linajifanya lenyewe bila kujisukuma. Wengine walifika kwa siku 18, wengine walikadiriwa kuhitaji siku 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi, mazoezi yalichelewa. Na jambo jingine la kushika: kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Angalieni alichohitaji kila mmoja wao. Kigingi. Tukio lililokwishakita mizizi, ambalo jambo jipya linafungwa hapo kama mbuzi. Watu wale walilazimika kukitafuta. Sisi tunavyo vitano, vinaitwa kwa adhana, na vimekitwa toka tulipokuwa watoto wa chuo cha Qur'ani.

Ukisema "nitatembea saa 12 asubuhi", kila asubuhi unajadiliana na nafsi yako, na nafsi ya asubuhi ni mjadili hodari. Ukisema "nikishavaa viatu mlangoni mwa msikiti baada ya Alfajiri, miguu inaelekea kulia badala ya kushoto", hakuna mjadala. Tena sisi tuliokaribu na ikweta tumepewa wepesi: jua letu linapanda na kushuka kwa tofauti ya dakika 40 hivi tu mwaka mzima, kwa hiyo swala hazihamihami. Ndugu zetu walio London, Magharibi yao Desemba huingia kabla ya saa 10 alasiri, na Juni hupita saa 3 usiku. Wao wasifunge matembezi na Magharibi wala Isha. Adhuhuri ndiyo isiyoyumba sana kwao, na wakati wa baridi ndiyo yenye mwanga.

Kabla hatujaendelea, tuliweke sawa jambo moja. Swala si mazoezi ya viungo, na anayeswali kwa nia ya kunyoosha mgongo ameikosa swala. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, zenye sujudu 34, na zote ni ibada. Wala hazitoshi kiafya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kuhemesha kiasi, pamoja na kazi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Kwa hiyo tunayoyasema yanafungwa pembeni ya swala, hayaingizwi ndani yake.

Tuanze na usiku, kwa sababu Alfajiri hupotea usiku.

Adhana ya Alfajiri hapa ni karibu na saa 11. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, maana yake saa 4 usiku awe amelala. Si amepanda kitandani na simu, amelala. Mtume alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake, na hilo pekee likifuatwa nusu ya kazi imekwisha. Adui wa pili ni finjani ya barazani. Kahawa huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini. Ukiinywa saa 3 usiku, saa 8 nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Unaweza kulala, lakini usingizi unakuwa mwepesi na unaamka umechoka. Finjani ya mwisho iwe baada ya Alasiri. Usiku barazani kunywa maji ya tangawizi, mazungumzo ni yale yale.

Sasa Alfajiri yenyewe. Umeswali, umeleta nyiradi zako, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, bila kuzikimbiza. Unatoka. Wiki ya kwanza unatembea dakika 10 tu: tano za kwenda, tano za kurudi. Utaona aibu kwa uchache wake, na hapo ndipo wengi wanapoharibu, wanajitupa dakika 45 siku ya kwanza, siku ya nne goti limevimba. Kila wiki ongeza dakika 3. Wiki ya tano umefika 22, na 22 mara siku saba ni 154. Umeshafikia kiwango bila kuingia ukumbi wowote wa mazoezi.

Mwendo gani? Hesabu hatua zako kwa sekunde 15. Zikifika 25, ni hatua 100 kwa dakika, na huo ndio mwendo unaohesabika kwa watu wengi. Asiyetaka kuhesabu ajipime kwa sauti: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini ukijaribu kusoma kaswida pumzi isikutoshe. Ukiweza kuisoma kaswida mpaka mwisho, unazurura. Ukishindwa hata kuitikia salamu, umezidisha. Tunashauri mtembee wawili wawili. Anayejua mwenzake anamsubiri mlangoni haendi kulala tena.

Viatu. Wengi tunakwenda msikitini na ndala, na hili linaumiza watu kuliko tunavyodhani. Ndala haina kinachoishika nyuma, kwa hiyo vidole vinajikunja kuing'ang'ania kila hatua, na utando mgumu ulio chini ya wayo unavutwa pale unaposhikana na kisigino. Dalili yake haifichiki: ukishuka kitandani asubuhi, hatua ya kwanza inachoma kisigino kama umekanyaga msumari, kisha ukitembea kidogo inapungua. Dawa ya mwanzo ni kuvaa raba zenye soli inayopinda vidoleni lakini haipindi katikati, kupunguza dakika, na kunyoosha vigimbi vya miguu: viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, goti la nyuma limenyooka, kisigino hakiinuki, sekunde 30, mara tatu kila mguu. Chukua raba kwenye mfuko uziache karibu na mlango. Kanzu si tatizo, tena ikiwa nyeupe dereva anakuona kwenye kiza. Baibui jeusi halionekani. Kina mama watembee kukishapambazuka, na kila mtu atembee akielekeana na magari.

Kwa kina mama walio wengi, Alfajiri inaswaliwa nyumbani na mara moja kuna jiko, watoto na sare za shule. Msijilaumu. Mwongozo wa 2020 uliondoa sharti la zamani la kwamba kipande cha mazoezi kisipungue dakika 10. Sasa kila dakika inahesabika. Kukanyaga pale pale uani huku maji ya chai yakichemka, magoti yakipanda, dakika 7, ni mazoezi. Mengine 15 yafungwe na Alasiri, na jirani.

Baada ya Adhuhuri hatutaki makubwa. Walio maofisini wameketi toka asubuhi: kabla ya kurudi kwenye kiti shika ukuta, nyanyua visigino mara 15, teremka taratibu, basi. Anayeweza kupata kailula, usingizi mfupi wa mchana, alale dakika 20. Akipitisha nusu saa huamka mzito.

Tunataka kukaa zaidi kwenye jambo la kuinuka.

Mtazameni mzee anapotoka sujudu ya pili kuiendea rakaa inayofuata. Uzito wote uko kwenye magoti, vidole vya miguu vimekunjwa, na mapaja yanatakiwa yauchukue mwili mzima kutoka chini mpaka juu. Ndani ya faradhi tano tunafanya hivyo mara 12, na mara 5 nyingine tunapomaliza na kuondoka: mara 17 kwa siku. Nguvu hiyo ya mapaja ndiyo inayomwezesha mtu kuingia chooni peke yake, kushuka daladala, na kujizuia anapojikwaa. Paja lisipotumika hukonda, na kwa mtu aliyevuka miaka 60 hukonda upesi.

Sasa ipo tabia ya kukimbilia kiti. Goti likiuma wiki mbili, mtu anachukua kiti, na harudi tena chini. Ruhusa ipo, hatuigusi. Imran bin Husayn alikuwa mgonjwa, Mtume akamwambia aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Imo katika Bukhari. Aliyekatazwa na daktari kupiga magoti abaki kitini na moyo wake utulie. Lakini yule ambaye kiti kilikuwa cha muda, ajue kwamba amejiondolea zile mara 17, na baada ya miezi michache atashindwa kuinuka hata kama goti limepona, kwa sababu sasa paja ndilo lililoisha.

Wepesi upo ndani ya fiqhi yenyewe. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wa watu wa pwani tunayafuata, ni sunna baada ya sujudu ya pili kukaa kikao kifupi cha kupumzika, kisha kuinuka kwa kuegemea viganja vya mikono chini. Wengi wanakiacha kikao hicho kwa haraka. Kirudisheni. Kinakupa pumzi moja, kizunguzungu kinapita, na mikono inalibebea goti sehemu ya mzigo.

Na nje ya swala tutie paja nguvu. Siku mbili kwa wiki, baada ya Alasiri. Tunapendekeza Jumapili na Jumatano, kwa kuwa Jumatatu na Alhamisi wapo wanaofunga sunna. Chukua kiti kigumu, kisicho na magurudumu, kimo cha sentimita 43 hivi, mgongo wake uguse ukuta. Kaa mbele kidogo. Miguu upana wa mabega, visigino nyuma kidogo ya magoti, mikono umeikunja kifuani. Inamisha kifua mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, halafu simama. Wanaoshindwa wengi hawana udhaifu wowote, wanajaribu tu kupanda wima bila kuinama mbele. Teremka kwa hesabu ya tatu. Usijiachie kama gunia, kwa sababu kule kushuka taratibu ndiko kunakojenga. Mara 8, pumzika dakika moja, mara 8 tena. Kila wiki mbili ongeza mara 2, mpaka 15. Magoti yasiingie ndani yakagusana. Yaelekee viliko vidole. Na pumzi: toa unapopanda. Anayebana pumzi hupandisha presha ghafla, na kwa mwenye presha hilo si jambo la mchezo.

Baada ya hapo ukuta. Viganja ukutani usawa wa kifua, miguu hatua moja na nusu nyuma, mwili umenyooka, kifua kiende ukutani na kurudi, mara 10, mizunguko miwili. Waliofika miaka 65 waongeze usawazisho mara tatu kwa wiki: umeshika fremu ya mlango, simama mguu mmoja sekunde 10, badilisha. Dakika mbili tu, fanya baada ya Isha.

Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu ni kawaida, inauma nyamani na pande zote mbili. Maumivu makali ya upande mmoja, ndani ya kiungo, si kawaida. Acha zoezi hilo. Kifua kubana, maumivu kwenda taya au mkono, jasho baridi, kuzirai: hapo ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Qur'ani nayo ina hesabu yake. Msahafu wa Madina tulionao wengi una kurasa 604. Kurasa 4 baada ya kila swala ni 20, karibu juzuu moja kwa siku, na huo ni mwendo wa Ramadhani. Kwa siku za kawaida anza na ukurasa mmoja baada ya Magharibi. Ukishazoea, kurasa mbili: khitma, yaani msahafu mzima, ndani ya siku 302, chini ya mwaka wa Hijria. Asiyesoma vizuri achukue mistari mitatu na mwalimu, hiyo mitatu ina thamani yake. Weka msahafu pale unapokaa, alama ndani, miwani juu yake. Msahafu ulio juu ya kabati nyuma ya sanduku unahitaji uamuzi mpya kila siku.

Na usianze yote pamoja. Ukurasa kwanza au matembezi kwanza. Siku 66 tulizozitaja ni za jambo moja. Mpe kila mgeni miezi miwili nyumbani kabla ya kumkaribisha mwingine.

Ukikosa je? Wengi wanachanganya. Swala ya faradhi ikikupita unailipa. Matembezi yakikupita hayalipwi. Usiseme jana sikutembea basi leo dakika 44. Hivyo ndivyo visigino vinavyoumia. Mvua ya masika ikinyesha, tembea barazani au ndani ya ukumbi wa msikiti dakika tano, kigingi kisikae bure. Tumeona vijana wanaacha kabisa kwa aibu ya siku tatu. Aibu ile ni ya kuondoa, haina faida kwa dini wala kwa mwili.

Wenye sukari wanaotumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari: pimeni kabla. Ikiwa chini ya 5 (mmol/L), kula kitu kwanza. Bebeni tende tatu au sukari mfukoni. Mkono ukitetemeka, jasho likitoka bila sababu, njaa ya ghafla, maneno kukoroga: simama, kula tende hizo au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Kila jioni angalieni nyayo kwa kioo, hasa katikati ya vidole, kwa sababu lengelenge usilolisikia ndilo linalogeuka kidonda. Na vidole vikauke baada ya udhu. Wenye presha, mashine ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, kuna kliniki.

Ramadhani inakuja na vigingi vyake. Matembezi yahamie dakika 20 za mwisho kabla ya Magharibi, polepole, ili ukimaliza adhana iwe karibu na maji yawe karibu. Mazoezi ya kiti yaende baada ya tarawehe. Maji yagawanywe toka futari mpaka daku, glasi moja moja. Lita mbili za mkupuo wakati wa daku zinaishia chooni. Mwenye sukari asiamue kufunga wala dozi mwenyewe, aende kwa daktari Shaabani. Kisha kuna Shawwal, na hapa ndipo desturi nyingi zinapokufa, maana tarawehe imeondoka na kilichofungwa kwayo kimebaki hewani. Siku ya Idi yenyewe nendeni kwa jamaa kwa miguu. Kesho yake Alfajiri mrudi kwenye kigingi cha zamani, dakika 10.

Tumebakiwa na muda kabla ya Magharibi, na viti vimepangwa pale ukutani, vya kina mama upande wa pazia. Tunataka kila mmoja aondoke na namba yake. Kaeni wawili wawili. Mmoja mikono kifuani, mwenzake ashike saa ya simu, sekunde 30, ahesabu mara ngapi amesimama wima kamili. Anayelazimika kutumia mikono aandike sifuri, ndipo anapoanzia. Kwa umri wa miaka 60 mpaka 64, mwanamume aliye chini ya 14 na mwanamke aliye chini ya 12 wako chini ya wastani. Kwa miaka 70 mpaka 74 ni 12 na 10. Mwenye maumivu ya kifua au aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au goti karibuni asijaribu leo, aje kwetu tuzungumze. Namba iandikwe kwenye karatasi, itiwe ndani ya msahafu kwenye ukurasa uliofikia, na baada ya wiki nane tupime tena hapa hapa.

Bismillah, mstari wa kwanza wakae.